UTI WA MGONGO WA GARI: SOMO LA KUIMARISHA FREMU

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii tumeizoea katika insha, lakini leo nataka kuipeleka gereji. Nitaeleza kwa nini gari hujisokota, jinsi fundi anavyoliimarisha kwa kuunganisha fremu zake, na kwa nini kazi hiyo si ruhusa ya kupakia mzigo zaidi.

Aina mbili za magari

Ukifika Malaba utaona malori yamepanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Chungulia chini ya lori lolote. Kuna vyuma viwili virefu vinavyotoka mbele hadi nyuma, vikishikwa na vingine vifupi vilivyokingama, mfano wa ngazi iliyolazwa. Hiyo ndiyo chasisi. Injini, kabini na mzigo vyote vimekaa juu yake.

Sasa inama uchungulie Toyota Probox, hizi zinazobeba abiria hapa kwetu. Ngazi huioni! Sakafu, nguzo za milango, paa na mabati ya ubavuni yamechomelewa pamoja yakawa sanduku moja, na sanduku lenyewe ndilo fremu. Lancia Lambda ya Italia, ya mwaka 1922, ni miongoni mwa magari ya kwanza kuundwa kwa njia hii. Faida yake ni kwamba gari huwa jepesi, na gari jepesi halinywi mafuta mengi.

Baadhi ya magari ya aina hii yana fremu fupi mbili chini ya sakafu. Ya mbele hushika injini na magurudumu ya mbele, ya nyuma hushika springi za nyuma. Kati yake hakuna ila bati la sakafu. Ford Mustang za Marekani za 1979 hadi 1993 ziliundwa hivyo. Kwa sababu zina injini zenye nguvu, wenyewe huziongezea vyuma vya kuunganisha fremu hizo mbili. Katika somo hili nitaviita viunganishi.

Gari hujisokotaje?

Gurudumu moja la mbele likipanda jiwe na mengine matatu yakabaki chini, upande wa mbele wa gari hutaka kugeukia huku na wa nyuma hubaki kule. Ni kama mama anavyokamua nguo. Hebu fanya jaribio hili. Chukua katoni ya viatu isiyo na kifuniko, shika ncha zake mbili uisokote. Italegea mikononi mwako. Sasa gundisha kifuniko kwa gamu pande zote, usokote tena. Kumbe katoni ni ile ile, lakini imekuwa ngumu!

Wahandisi hupima ugumu huu kwa nyutoni mita kwa digrii. Tuseme, kwa hesabu tu, jeki inasukuma gurudumu moja kwa nyutoni 2,000, na umbali hadi gurudumu la pili ni mita 1.5. Mzunguko wa kani ni 2,000 mara 1.5, yaani nyutoni mita 3,000. Ikiwa gari limejisokota nusu digrii, ugumu wake ni 3,000 gawa kwa 0.5, yaani 6,000.

Gari likilegea, springi haziwezi kufanya kazi yake sawasawa, kwa sababu bodi nayo imegeuka springi. Dereva akikata kona, gari huchelewa kumtii. Milango hugoma kufunga, vioo hupata nyufa, na bati hukatika pale lilipochomelewa. Hii ndiyo sababu magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953, siku hizi hujengewa kizimba cha mabomba ya chuma ndani. Kizimba humkinga dereva gari likibingirika, na pia huifunga bodi isijisokote.

Kazi ya fundi

Kiunganishi kizuri ni bomba la mraba lililofungwa pande zote nne. Kunja karatasi iwe bomba bila kuigundisha, uisokote. Kisha igundishe mshono wake wote, ujaribu tena. Utaona tofauti mara moja.

Kwanza fundi hutoa waya wa betri na zulia la ndani, na kuhakikisha mabomba ya mafuta na ya breki yako mbali na moto. Gari lazima likae sawa, uzito wake ukiwa juu ya magurudumu au ekseli. Likiinuliwa kwa jeki katikati, bodi hupinda, na fundi akichomelea hapo, basi amelifunga na upinde wake. Rangi na kutu hukwanguliwa mpaka chuma king'ae. Kisha huchomelea vipande vifupi vifupi, mara kushoto mara kulia, ili joto lisipinde bati. Mwisho hupaka rangi kuzuia kutu.

Ncha zote mbili lazima zishike fremu yenyewe, si bati la sakafu. Nimewahi kuona, katika gereji moja ambayo sitaitaja, nondo imechomelewa kwenye sakafu iliyoliwa na kutu. Mwenye gari alifurahi na kulipa. Lakini bati lile halina nguvu ya kushika chochote, bana. Ni sawa na kufunga ng'ombe kwa uzi wa kushonea.

Tahadhari

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Wako madereva wanaosema, "Gari langu limetiwa chuma, ongeza watu!" Hiyo ni hatari kubwa. Kiunganishi hakiongezi nguvu za breki, tairi, ekseli wala springi. Tena chenyewe kina uzito. Gari la watu watano likibeba kumi, safari ya kusimama huwa ndefu hata kama fremu ni ngumu kama mwamba. Sisi wanafunzi ndio tunaopandana humo asubuhi tukikimbilia kengele. Afadhali kuchelewa kuliko kutofika.

Zoezi

1. Taja tofauti kati ya chasisi ya lori na fremu ya gari dogo.
2. Gari la mfano wetu likiwekewa viunganishi, linajisokota digrii 0.4 kwa mzunguko ule ule wa kani. Ugumu wake sasa ni kiasi gani?
3. Kwa nini gari lisiinuliwe katikati wakati wa kuchomelea?
4. Dereva akikwambia gari lake limetiwa chuma, utamjibu nini?

Jibu la swali la pili ni 7,500. La nne jibuni mkiwa stejini. Kwaherini.