Biki Nyekundu ya Baba

*"Mama, niko na miaka 46, niko mkulima hapa Kiambi. Nikishika biki, mkono unatetemeka. Shuleni mwalimu alinivika simboli, kibao cha mbao shingoni, kwa sababu nilisema Kiswahili saa ya Kifaransa. Dikte ilikuwa fimbo moja kwa kila kosa. Kanisani wananitaka niwe karani, nimekataa mara mbili. Binti yangu anasoma Kalemie. Aliniandikia, nikamsahihishia makosa kwa biki nyekundu, nikamrudishia karatasi. Tangu siku ile ananyamaza. Nifanye nini woga huu uniishe? Samahani kwa makosa ya barua hii."*
— Baba wa Kiambi

Baba, pole kwa kile kibao. Ukarani, ukubali au ukatae, kanisa halitafungwa. Masomo ya jioni ya watu wazima, yakiwa karibu, nenda. Sasa turudi kwenye jambo ulilolipita mbio, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

"Nikamrudishia karatasi." Barua yako, niliyoifupisha hapo juu, ilikuwa ya kurasa tatu, na katika zote sikuona binti yako alikueleza nini. Anaumwa? Ana njaa? Amefaulu? Makosa yake unayakumbuka, habari zake huzikumbuki. Ugonjwa wako uko hapo, hauko mkononi. Ile fimbo ya mwalimu umeirithi wewe, tena umeifikisha hadi Kalemie.

Nina neno ambalo wasomaji wangu wameshalichoka, na leo nalirudia: barua ya mtoto si dikte. Mtoto anayemwandikia mzazi amegonga mlango. Nani humwambia mgeni aliye mlangoni kwamba hakubisha hodi vizuri, kisha akafunga?

Wala hukuvishwa kibao peke yako. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alisimulia jinsi watoto wa shule za kwao walivyochapwa, au kuvishwa bamba la chuma shingoni, wakikutwa wanasema Kikuyu. Alipofungwa katika gereza la Kamiti, mwaka 1978 aliandika riwaya kwa Kikuyu hichohicho juu ya karatasi za chooni. Aliyeaibishwa pamoja na lugha yake alitoka nayo hadharani.

Na kwetu Katanga? Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya wenzake waliokuwa maboyi wa Wazungu, aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili kama kinavyotoka kinywani. Maneno mengine yameshikana, mengine yamekatika katikati. Mwalimu wako angemaliza biki mbili. Wataalamu waliotaka kuyaelewa ilibidi wayasikie yakisomwa kwa sauti. Mwaka 1990 maandishi hayo yakatolewa kitabu. Maboyi hawakungoja ruhusa ya mwalimu ili wasimulie maisha yao.

Wewe pia usingoje. Kabla ya Jumapili, chukua kaye, andika mistari kumi kwa Kiswahili cha nyumbani: mihogo imekuwaje, nani amezaa, maji ya mto Luvua yamepanda hadi wapi. Usirudi nyuma kutafuta makosa. Kunja, mpe dereva anayekwenda Kalemie. Biki nyekundu ibaki ya kuhesabia magunia.

Yale makosa uliyoniombea samahani sikuona hata moja lililonizuia kukuelewa. Basi mstari wa kwanza wa barua yako uwe huu: "Mwanangu, nitumie tena ile karatasi. Sikuisoma."