Kumsindikiza Mume Katika Matibabu ya Saratani ya Tezi Dume



Waliokuwa watu wazima mwaka 1973 wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana. Somo hili limekusudiwa kutumiwa kwa namna hiyo hiyo. Lisomwe kwa sauti kikundini, na wanaume wasitoke nje kwa kisingizio kwamba hayo ni mazungumzo ya akina mama.

Mume anapogundulika kuwa na saratani ya tezi dume, ndugu hukusanyika, fedha hutafutwa, na upasuaji au mionzi hufanyika. Baada ya hapo watu hutawanyika wakiamini kwamba shughuli imekwisha. Kumbe ugonjwa huu hufuatiliwa kwa miaka mingi, kwa kipimo cha damu kinachorudiwa tena na tena, na anayebaki na kazi hiyo mara nyingi ni mke. Ni kazi isiyo na mbwembwe. Ikiachwa, ugonjwa waweza kurudi kimya kimya mpaka uonekane mifupani, wakati ambapo kuutibu kumekwisha kuwa kugumu mno.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa maneno. Watu husema, "Mzee fulani ana tezi dume." Kila mwanamume anayo tezi dume. Ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu, kikiuzunguka mrija wa mkojo. Kwa wazee wengi kiungo hicho hukua na kuubana mrija, na kukua huko peke yake si saratani. Tofauti hiyo yapasa ijulikane, kwa sababu matangazo ya "dawa ya tezi dume" yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme jijini hayaitaji kamwe. Saratani huthibitishwa kwa kuchukua vipande vidogo vya nyama ya tezi na kuvichunguza kwa darubini. Kipimo cha kidole, ambacho wanaume hukifanyia mzaha vijiweni, huchukua muda mfupi sana, na mzaha huo umewachelewesha watu wengi kwenda hospitali.

Kwa mkazi wa Mwenge njia ya kawaida huanzia kituo cha afya kilicho karibu, kisha Hospitali ya Mwananyamala, na ikibidi Muhimbili. Mwenzake wa Temeke huanzia Hospitali ya Temeke. Mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, katika majengo yaliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. (Barabara iliyo mbele yake ilibadilishwa jina mwaka 2013 ikapewa la Barack Obama, lakini mwambie dereva wa bajaji "Ocean Road" naye atakufikisha.)

Yafaa mke afuatane na mumewe siku ya kupewa majibu. Mtu anayeambiwa ana saratani husikia neno hilo moja, na mengine yote humpita. Mke aandike: saratani imebaki ndani ya tezi au imetoka? Daktari anapendekeza tiba ipi, na kwa sababu gani? Ipo nyingine? Kama gharama ni kikwazo, ni afadhali kusema hapo hapo kuliko kuondoka na karatasi ambayo haitatumika.

Kila tiba ina adha yake. Baada ya upasuaji mume hukaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili, na ukitolewa, mkojo huweza kumtoka bila kutaka kwa miezi kadhaa. Yako mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ile itumikayo kuzuia mkojo, na hufanywa mara kadhaa kila siku. Mke asimwachie mume aibu ya kufua shuka gizani. Godoro lifunikwe nailoni, vitambaa viwekwe karibu, na jambo hilo lichukuliwe kama kidonda kinachosubiri kupona.

Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Mara nyingi mgonjwa hutakiwa kulala kwenye mashine akiwa na kibofu kilichojaa na haja kubwa iliyokwisha kutoka, ili mionzi ilenge pale pale kila siku. Hapa mkazi wa Mwenge ana tatizo ambalo kitabu hakilijui. Akinywa maji nyumbani, foleni ya kwenda mjini itamtesa njiani. Basi anywe huko huko hospitali, kwa saa na kiasi atakachoambiwa na mafundi wa mionzi. Tena mionzi ya mashine haibaki mwilini mwa mtu. Wako wajukuu wanaozuiwa kukaa na babu yao kwa kuogopa "kuambukizwa mionzi", na mzee wa watu akapata upweke juu ya maradhi.

Tiba ya homoni ndiyo inayozivuruga nyumba zaidi, nayo tuieleze kwa kirefu. Mwaka 1941 Charles Huggins, daktari wa Chicago, alionyesha kwamba saratani hii hutegemea homoni ya kiume. Homoni hiyo ikiondolewa, saratani hunywea. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na tiba hiyo ingali inatumika. Homoni huondolewa kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa upasuaji wa mara moja wa kuondoa korodani. Upasuaji una nafuu ya gharama na hauhitaji kukumbuka tarehe, lakini hauna marejeo, na uamuzi ni wa mume mwenyewe baada ya kuelezwa. Haifai mke na shemeji kukubaliana ukumbini huku mwenye mwili yuko chumbani.

Homoni ikishuka, mume hupata joto la ghafla na jasho usiku, huchoka, hunenepa kiunoni, mifupa hudhoofika, na huweza kuwa mwepesi wa kuudhika au kunyamaza. Hamu ya tendo la ndoa huondoka. Mwanamke asiyeelezwa haya husema moyoni, "Baba watoto amepata mwingine," na mume asiyeelezwa huhama chumba kwa kuogopa kuombwa asichokiweza. Wote wawili wanateseka kwa kukosa maelezo ya robo saa. Yasemwe. Mke anaweza kuanza kwa maneno mepesi: "Mume wangu, daktari alituambia sindano hii itaondoa hamu. Mimi najua ni sindano. Turudi tulale pamoja." Wakihitaji msaada zaidi, wamwulize daktari, hilo ni sehemu ya matibabu kama kidonda kingine chochote. Kutembea kila jioni, hata kuzunguka mitaa ya Sinza na kurudi, husaidia mifupa, misuli na moyo.

Daftari la vipimo

Sasa twaja kwenye kiini cha somo. Kipimo kinachofuatilia ugonjwa huitwa PSA. Ni protini inayotengenezwa na tezi dume na kuonekana katika damu, nayo hupimwa kwa nanogramu katika kila mililita moja. Kwa kawaida hurudiwa kila miezi mitatu hadi sita katika miaka ya mwanzo, kisha kwa nafasi ndefu zaidi, kwa ratiba ya daktari. Mgonjwa hupimwa ijapokuwa hasikii maumivu yoyote. Hapo ndipo wanaume wengi huacha. "Mimi mzima, niende kufanya nini?" Jibu ni kwamba PSA hupanda miezi, pengine miaka, kabla ya mwili kuhisi kitu.

Mwanaushirika hapaswi kupata shida kulielewa hili. Hatuwezi kuihukumu hali ya chama kwa kutazama ukurasa mmoja wa daftari la fedha. Twatazama mwezi huu na miezi iliyotangulia. Basi mke anunue daftari dogo, apige mistari, aandike tarehe, maabara, namba ya PSA, tarehe ya sindano na neno la daktari. Majibu ya karatasi yabandikwe humo. Faili la hospitali laweza kuchelewa kupatikana, na daktari wa leo huenda si yule wa mwaka jana, lakini daftari liko mkobani.

Namba husomwa kulingana na tiba. Aliyeondolewa tezi yote, PSA yake yapaswa kushuka hadi karibu na sifuri baada ya wiki chache. Ikifika 0.2 na kuthibitishwa kwa kipimo cha pili, kwa kawaida madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umeanza kurudi. Aliyepata mionzi bado anayo tezi, kwa hiyo PSA hushuka polepole, pengine kwa miaka miwili, na huweza kupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe. Kwake, madaktari huangalia kupanda kwa 2 au zaidi juu ya kiwango cha chini kabisa alichowahi kufikia. Hivyo basi namba 0.8 kwa jirani yaweza kuwa habari njema, na kwa mumeo habari ya kumwona daktari upesi. Kulinganisha namba kibarazani hakuna maana.

Kipimo kifanyike maabara ile ile kila inapowezekana, maana mashine hutofautiana. Maambukizo ya njia ya mkojo hupandisha namba kwa mtu ambaye bado anayo tezi, na yafaa kusubiri wiki kadhaa baada ya kutibiwa. Pia ajizuie na tendo la ndoa kwa siku mbili kabla ya kutoa damu. Dawa za miti shamba anazotumia zitajwe kwa daktari bila kuficha. Tusiseme uongo: wengi huzitumia. Kinachodhuru zaidi ni kuziacha sindano kwa ajili yake.

Namba moja ikipanda, isiwe sababu ya kuuza kiwanja. Kwanza irudiwe. Lakini ziko dalili zisizongoja tarehe ya kliniki: maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kufa ganzi, au kushindwa kukojoa. Huenda uti wa mgongo unabanwa. Mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani saa chache zaweza kuamua kama atatembea tena.

Mke naye, na chama

Mwaka 2010 Profesa Peter Anyang' Nyong'o, wakati huo Waziri wa Huduma za Matibabu nchini Kenya, aligundulika kuwa na saratani hii, akatibiwa Marekani na kuyasema hadharani. Mkewe, Dorothy Nyong'o, akawa mmoja wa waanzilishi wa Africa Cancer Foundation mwaka 2011. Si kila mke ataanzisha taasisi, na si kila mume atapata tikiti ya California. Lakini walisema, na kusema kwao kuliwafungulia wengine mlango.

Mke anayeuguza hupoteza siku za biashara, usingizi, na mara nyingi afya yake mwenyewe. Mtoto mkubwa au ndugu apangiwe zamu ya kliniki, na si kutuma pole kwa simu. Wana na ndugu wa kiume wa mgonjwa nao wana hatari zaidi ya kuupata ugonjwa huu, hivyo wamwone daktari kabla ya miaka 50, wasingoje dalili.

Chama nacho kina wajibu wake. Mkopo wa dharura unaoombwa kwa ajili ya sindano yenye tarehe yake hauna faida ukitolewa baada ya kikao cha mwezi ujao. Kadhalika ugonjwa wa mwanachama usisomwe mkutanoni pamoja na orodha ya waombaji. Wako waliokufa na siri yao kwa kuogopa kikao hicho.

Kwa majadiliano ya kikundi: Je, kamati yetu ya mikopo yaweza kuidhinisha dharura ya matibabu ndani ya siku ngapi? Ni nani wanaoona maombi hayo? Na katika nyumba zetu, karatasi za hospitali za mwaka jana ziko wapi hivi sasa?