Bakteria Asiyeuawa na Mionzi

Watafutao haki hutuuliza: Je, sayansi haimwondoi Muumba? Kujua kazi ifanywavyo si kumkana Mfanyaji. Kurani Tukufu yatuamuru kutafakari viumbe. Tutazame kimoja, pasipo kudai kwamba Kitabu kimekitaja.

Mwaka 1956, huko Oregon, Marekani, Arthur W. Anderson aliipiga nyama ya kopo kwa mionzi ya gama; hata hivyo ikaoza. Ndani yake alikuwamo bakteria Deinococcus radiodurans, astahimiliye grei 5,000, hali grei 10 humwua mtu. Mionzi huikata DNA yake vipande mamia, na huzalisha oksijeni kali iharibuyo protini. Lakini manganizi iliyomo mwilini mwake huzikinga protini, nazo huiunga DNA upya kwa saa chache. Zikiharibika hizo, hapana fundi aliyebaki.