Kupanda Mgeta na mbwa wako: daktari wa mifugo anajibu

Nikija Morogoro na mbwa wangu, naweza kumpeleka Mikumi?

Hapana. Hifadhi za Taifa haziruhusu mbwa wa kufugwa, na sababu ni nzito. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vya jirani. Badala ya Mikumi, ukifika maeneo ya Mzumbe katika barabara ya Iringa, kata kushoto Sangasanga, upande mlimani hadi Mgeta. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara ile huteleza sana. Ni bora kusubiri kiangazi.

Huko juu tutembee wapi?

Katika vinjia vya wenyeji. Kutoka Nyandira kuelekea Tchenzema utapita katikati ya matuta ya kabichi, karoti na njegere yaliyopangwa kama ngazi. Upande wa Bunduki kuna maporomoko ya Hululu. Tafuta kijana wa kijijini akuongoze, na mlipe. Mbwa awe kwenye kamba fupi muda wote, kwa sababu akiruka tuta moja tu amekanyaga miche ambayo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Na uwanda wa Lukwangule?

Huko nenda bila mbwa. Lukwangule uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, na kuingia kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Wawindaji haramu wa milima hii hutumia mbwa kukurupusha wanyama, hivyo nyayo za mbwa msituni huwatia wasiwasi walinzi. Mwache kwa mwenyeji wako, umwachie na chakula chake.

Kuna mbuzi wengi. Nifanyeje?

Mgeta inajulikana kwa mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, walioletwa miaka ya 1980 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA). Wengi hufugwa katika mabanda ya mbao yaliyoinuliwa, wakikatiwa majani. Mbuzi mwenye mimba akikurupushwa hana pa kukimbilia, hujigonga kwenye mbao. Ukiliona banda, zunguka mbali.

Ni chanjo gani muhimu kabla ya safari?

Ya kichaa cha mbwa. Huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Safiri na kadi yake. Mtu akiumwa, hata kama mbwa anaonekana mzima, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kuonekana, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Anywe maji ya mferejini?

Asinywe. Mifereji hupita kando ya mashamba yanayopigwa dawa za wadudu. Beba maji yake na bakuli. Akianza kutoka udenda mwingi, kutetemeka na mboni za macho kusinyaa, mwoshe manyoya kwa sabuni, muulize mkulima jina la dawa iliyopigwa, halafu mwahishe kwa madaktari wa wanyama wa SUA, Morogoro mjini.

Watu watampokeaje?

Inategemea unavyowaheshimu. Wapo wanaomwogopa mbwa, na wapo ambao dini yao inawataka waepuke mate yake. Kabla ya kupita uani kwa mtu, piga hodi na uombe njia. Ukikutana na mama mwenye tenga la karoti kichwani kwenye kinjia chembamba, panda pembeni upande wa mlima, mkalishe mbwa nyuma yako, msalimie, na umwache apite kwanza. Mzigo ule ni mzito, na njia ni yake.