Kihenge Kisigeuke Kaburi: Somo kwa Mafundi, Wenye Maghala na Vibarua

Mahindi yanayovuka mpaka wa Busia na Malaba hulala kwanza maghalani, na pengine katika vihenge vikubwa vya chuma ambavyo wengi huviita silo. Mmezoea kutuita huko wizi unapotokea. Wito mgumu zaidi ni wa mtu aliyezama ndani ya nafaka, kwani muda wa kumwokoa huweza kwisha kabla gari letu halijaondoka kituoni. Hivyo usalama wake umo mikononi mwenu.

Hatari ni tatu. Ya kwanza ni nafaka yenyewe. Mashine inapoitoa kwa chini, nafaka hutiririka kama maji yaendayo shimoni. Aliyesimama juu yake huzama hadi magotini kwa takriban sekunde 5, na hufunikwa kabisa kabla ya nusu dakika. Akifika kiunoni hawezi kujinasua. Tena, nafaka yenye unyevu huweza kugandamana juu na kuacha uwazi chini, anayeikanyaga hutumbukia.

Ya pili ni hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, si salama kuingia. Nafaka iliyoanza kuoza huimaliza oksijeni hiyo. Vidonge vya kufukizia wadudu navyo hutoa fosfini, gesi ambayo sumu yake haina kiuasumu. Pua si kipimo cha kutegemewa.

Ya tatu ni parafujo kubwa isukumayo nafaka, ambayo hukata mguu wa fundi endapo mtu wa nje ataiwasha bila kujua.

Kabla ya fundi kuingia, yafuatayo na yatimizwe:

1. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu, ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingia.
2. Muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha dawa upite, milango ifunguliwe, na hewa ipimwe kwa kifaa.
3. Avae mkanda wa mwili wenye kamba iliyofungwa imara juu, isiyolegea.
4. Mwangalizi abaki mlangoni, asipewe kazi nyingine.
5. Jina la kila anayeingia na kutoka liandikwe. Kibarua aliyevuka mpaka alfajiri huenda hajulikani na yeyote pale. Bila daftari, hakuna atakayejua kuwa bado yumo.

Ajali ikitokea, zimeni mashine zote na mpige 999 au 112. Asiingie mtu mwingine, hata akiwa ndugu wa aliyezama, kwani huruma isiyo na kamba huongeza maiti. Msimvute kwa nguvu wala kwa gari, kwa maana uzito wa nafaka utamjeruhi vibaya. Waokoaji waliofunzwa humzungushia mbao au mabati, kisha huchota nafaka iliyo ndani ya uzio huo mpaka aachiliwe.

Wenye maghala, tunajua kwamba lori linalosubiri ni hasara. Lakini fundi anayekataa kuingia kabla ya kuliona kufuli si mkaidi, bali ametimiza wajibu wake. Msimfukuze kazi. Nanyi vibarua, ulizeni swali moja kabla ya kupanda ngazi: ufunguo uko kwa nani?