SOMO LA MWEZI: LENGO LA JUU LISILE LA CHINI

Soma: 1 Wafalme 19:1-18



Kila mwaka mpya wengi wetu huweka nia njema, na ifikapo Kwaresima nyingi zimekwisha lala. Sababu moja ni kwamba twajiwekea malengo bila kujiuliza yanajibu hitaji gani.

Sisi tuliofundisha tuna kosa la kuungama. Zamani tulimchapa kijana aliyesinzia darasani kila asubuhi, tukamwita mvivu. Tulikuwa tumejiwekea lengo la darasa zima kushinda mtihani. Baadaye tulikuja kujua kwamba kwao walikula mara moja tu kwa siku, jioni. Lengo letu lilikuwa jema, lakini fimbo haishibishi.

Mungu hakumtendea Eliya hivyo. Nabii alikuwa akimkimbia Yezebeli, akaomba afe chini ya mretemu. Hakukemewa. Alilala, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Ndipo akapata nguvu za kufika Horebu. Huko alisikia sauti ya upole, akapewa kazi, akapewa Elisha awe mwenzake, akaambiwa kwamba wako 7,000 wasiomsujudia Baali.

NGAZI TANO

Mwaka 1943 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Abraham Maslow, aliyapanga mahitaji ya mwanadamu katika ngazi tano: mwili, usalama, upendo, heshima, na kutimiza kipawa chako. Alisema mwenye njaa kali huwaza chakula tu. Lakini alisema pia kwamba si lazima hitaji la chini litimie lote ndipo la juu liamke. Hata sisi twaliona: mjane mwenye debe moja la mahindi naye huimba kwaya, naye hutaka kuheshimiwa.

FUNZO LA KIHAMBA

Wazee wetu wa mlimani walilijua jambo hili. Kihambani mgomba ulitangulia, maana ndicho chakula. Maji ya mfongo yaligawanywa kwa zamu. Kahawa ilipokuja, hawakung'oa migomba. Waliipanda kahawa kivulini mwake. Kisha wakaungana kulinda soko lao: chama cha wakulima mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933. Fedha ya kahawa ikasomesha watoto wengi. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya viwango vya mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Lakini penye migomba, mtori uliendelea kupikwa.

Hatari yetu leo ni kuijenga ngazi ya heshima kwa mbao za ngazi ya chini. Twauza ng'ombe wa maziwa ili sherehe ya Kipaimara isemwe vizuri, na Januari mtoto aliyetiwa mikono hana viatu vya shule. Kutaka heshima si dhambi, ila isilipwe na tumbo la mtoto.

ZOEZI

Chukua karatasi, uandike ngazi zote tano. Kwa kila moja weka lengo moja dogo, lenye kiasi na tarehe. Kwa mfano:

1. Mwili: kupanda migomba mitano masika haya.
2. Usalama: kuandika wosia wa kihamba kabla ya Juni, watoto wasije wakagombana.
3. Upendo: kumwendea ndugu tuliyekosana naye kabla ya Pasaka.
4. Heshima: kumaliza deni la dukani mwaka huu.
5. Kipawa: kufundisha Shule ya Jumapili mara moja kwa mwezi.

Kisha jiulize: je, lengo lolote la juu linakula la chini? Likiwapo, lipunguze au lisubiri.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kusema naye?
2. Ni gharama gani za sherehe ambazo mtaa wetu waweza kukubaliana kuzipunguza?
3. Ni nani jirani yetu ambaye twamwita mvivu, kumbe ana njaa au hofu?

SALA

Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako jangwani, utufundishe kuona hitaji kabla ya kosa, na kupanda kwa hatua, hata tuisikie sauti yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.