Neno "Mithili": Maana Yake na Matumizi Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Watu husema, "Kitu hiki ni mithili ya kile," wakapita, wala hawaulizi: ni mithili yake kwa lipi? Swali hili ni dogo, lakini asiyeliuliza huweza kuiharibu itikadi yake, na huweza kuingia katika riba naye hana habari. Kwa hivyo twapenda kulieleza neno hili kwa ufupi.

Lugha yetu ina neno lake la asili, nalo ni mfano, ambalo ni ndugu ya kufanana na kufananisha. Katika Kiarabu tumepokea mithili na mithali, na mzizi wa yote mawili ni herufi tatu: mim, tha na lam. Mithili ni kitu kilicho sawa na kitu kingine. Ama mithali ni sifa au kisa kinachopigwa ili jambo lifahamike, na ndiyo sababu maneno ya hekima ya wazee wetu yakaitwa mithali.

Ar-Raghib al-Isfahani, katika kitabu chake cha kufasiri maneno ya Qur'ani, ameeleza kwamba Waarabu wana neno la kushirikiana katika dhati, na neno la kushirikiana katika sifa, na neno la kuwa sawa katika kiasi. Lakini mithl limeyakusanya yote hayo. Basi Mwenyezi Mungu alipotaka kukanusha kwamba kuna chochote kinachofanana Naye, kwa njia yoyote ile, alilitumia neno hili hili (Suratush-Shura, aya ya 11).

Ama mithali haitaki usawa wa kila upande. Katika Suratul-Jumua, aya ya 5, waliopewa Taurati kisha wasiifuate wamefananishwa na punda aliyebeba vitabu. Je, wamefanana naye kwa masikio au kwa kwato? Hasha! Wamefanana naye kwa jambo moja tu: kuchukua mzigo wa elimu bila ya kunufaika nao. Na ajihadhari nasi kila asomaye sana asitende.

Sasa na tuje sokoni, kwani huko ndiko neno hili linakopuuzwa zaidi. Katika hadithi ya Ubada bin Samit, aliyoipokea Muslim, Mtume (S.A.W.) ametaja dhahabu kwa dhahabu, fedha kwa fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, akaamrisha viuzwe mithili kwa mithili, sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Mithili hapa ni kwa lipi? Ni kwa kiasi, wala si kwa uzuri. Dalili yake ni kisa cha Bilal (R.A.), aliyetoa pishi mbili za tende mbovu akapata pishi moja ya tende nzuri. Mtume alimwambia kwamba hiyo ndiyo riba yenyewe, akamfundisha kuziuza kwanza zile mbovu, kisha ndipo anunue nzuri.

Basi yatazame yanayofanyika kwa masonara. Mwanamke hupeleka bangili zake za zamani za tola tano, akapewa mpya za tola nne, na tola moja ikabaki kwa sonara kuwa ujira wa kazi. Yeye huona amebadilisha bangili kwa mithili yake, kwani zote ni bangili na zote ni dhahabu. Lakini mizani yakataa! Jamhuri ya wanavyuoni, na Mashafii wamo, wasema kuwa ufundi hauhalalishi ziada hiyo. Wala kuongeza shilingi juu ya dhahabu ya zamani, katika biashara hiyo hiyo moja, si dawa kwa Mashafii.

Dawa ni ile aliyofundishwa Bilal. Auze bangili zake kwa shilingi, azipokee mkononi, biashara ile iishe. Kisha anunue azitakazo, kwa sonara yule au mwengine, na alipe papo hapo. Kazi ni ile ile na safari ni moja, lakini hii ni halali na ile ni riba.

Enyi ndugu zetu, wafundisheni haya wake zenu na binti zenu kabla ya siku za harusi, na masonara Waislamu wawaeleze wateja wao. Na kila mkisikia "mithili", ulizeni: kwa lipi?

Wabillahi ttaufiq.